Homa baada ya kemo: bakteria adimu katika damu ya mgonjwa wa lukemia

Wagonjwa wengi wa saratani ya damu kutoka Pwani huishia Nairobi. Baadhi hupewa rufaa moja kwa moja hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wengine hujipeleka wenyewe baada ya kuzungushwa na vipimo nyumbani. Hushuka basi au treni ya SGR, na kwa kuwa hoteli ni ghali, hufikia kwa jamaa: Kawangware, Riruta, Waithaka, Mutuini, yaani Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji, kilomita chache kutoka hospitali kwa Barabara ya Ngong. Hulazwa, hupewa dawa kwa dripu, huruhusiwa, hurudi kwa jamaa kungoja duru inayofuata. Makala haya yanahusu siku hizo za kungoja. Ndizo siku ambazo mgonjwa ambaye saratani yake imeanza kurudi nyuma anaweza kufa kwa kitu kingine kabisa.

Kitu hicho ni bakteria walioingia kwenye damu. Katika mtu mwenye kinga ndogo namna hii, kazi yao wanaweza kuimaliza kati ya magharibi na alfajiri. Na mara nyingine bakteria wenyewe ni wa aina ambayo hata daktari mzoefu hajawahi kuiona zaidi ya mara moja mbili: viumbe wa mdomoni, wa udongoni, wa bomba la maji, ambao kwa mimi na wewe hawana madhara yoyote.

Kwa nini kinga hushuka

Lukemia huanzia kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Chembe nyeupe zisizokomaa huzaana bila mpango na kuzisonga zile nzuri. Tibakemikali, ambayo kila mtu huiita kemo, huua chembe hizo mbaya, lakini haichagui vizuri. Huua pia chembe changa zenye afya. Kati ya hizo nzuri kuna aina moja ambayo mgonjwa na anayemwangalia wanapaswa kuijua kwa jina: neutrofili. Hizi ndizo hufika kwanza pale bakteria anapopenya. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo takriban 1,500 hadi 8,000 katika kila mikrolita ya damu. Waafrika wengi wenye afya njema huwa chini ya 1,500 kwa maumbile tu, kwa hiyo namba hiyo peke yake isikutishe. Ya kutisha ni chini ya 500. Chini ya 100 ni hatari kubwa.

Kipimo hicho cha hatari kilitokana na hesabu. Mwaka 1966 daktari Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 52 wa lukemia kali. Walionyesha kwamba kadiri chembe hizi zinavyoshuka, na kadiri zinavyokaa chini kwa muda mrefu, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Wodi za leo bado zinafuata mantiki hiyohiyo.

Baada ya duru nyingi za kemo, neutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika lukemia kali ya mieloidi, ugonjwa uliomwondoa Bob Collymore wa Safaricom tarehe 1 Julai 2019, dawa za duru ya kwanza ni kali kiasi kwamba zinaweza kubaki chini kwa wiki tatu au zaidi. Lukemia sugu inayotibiwa kwa vidonge kama imatinib ni habari nyingine. Hatari ipo, lakini si ya kiwango hiki.

Kemo hufanya jambo la pili ambalo halisemwi sana: huchubua utando wa mdomo na wa matumbo. Ndiyo maana mgonjwa hupata vidonda mdomoni, hushindwa kumeza, huharisha. Matumbo yetu yana bakteria kwa mabilioni, na ukuta ukishachubuka huvuka na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo mara nyingi adui hakuletwa na mgeni aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, wala na shangazi aliyepika. Alikuwamo tumboni siku zote. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona familia zikilaumiana msibani kwa jambo ambalo hakuna aliyelifanya.

Mlango wa tatu ni mrija. Wagonjwa wengine huwekewa mrija unaoingia mshipa mkubwa wa shingoni, kifuani au mkononi ili wasichomwe kila mara. Ni msaada mkubwa, lakini pia ni njia iliyo wazi kutoka nje hadi kwenye damu.

Wa kawaida na wale adimu

Maambukizi mengi husababishwa na bakteria wanaojulikana: E. coli, Klebsiella, Pseudomonas, na jamii ya Staphylococcus wanaokaa kwenye ngozi. Zamani Pseudomonas ilikuwa ikiua haraka kuliko maabara inavyoweza kutoa jibu. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake, huko Baltimore, walichapisha matokeo ya kuanza antibiotiki mara tu homa inapotokea, bila kungoja jibu, na wagonjwa wakapona kuliko ilivyozoeleka. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kanuni: mgonjwa wa kemo mwenye homa na neutrofili chache hupewa antibiotiki ya mshipani haraka, na lengo la hospitali nyingi ni ndani ya dakika 60 tangu afike.

Dawa hiyo ya kwanza huchaguliwa kwa kuwalenga wale wa kawaida. Hapo ndipo wale adimu wanapoleta shida.

Mfano mmoja ni Stenotrophomonas maltophilia. Hukaa majini, kwenye sinki, kwenye mabomba, kwenye vifaa vyenye unyevu. Kwa maumbile yake hasikii meropenemu na dawa za ukoo wake, ambazo katika wodi nyingi ndizo ngao ya mwisho. Dawa ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikimweza ni kotrimoksazoli, ileile ambayo kila nyumba Kenya inaifahamu kwa jina la Septrin. Mgonjwa anaweza kuwa siku ya nne kwenye dawa ya bei ya juu, homa haishuki, na dawa anayoihitaji iko kwenye rafu ya chini. Lakini hakuna wa kujua hivyo mpaka jina la bakteria litajwe. Tena asije mtu akajinunulia Septrin baada ya kusoma hapa: wagonjwa wengine tayari hupewa kwa kipimo maalumu kuzuia ugonjwa wa mapafu, na dawa hiyo nayo inaweza kushusha chembe za damu.

Mwingine ni Leptotrichia, bakteria mwembamba mrefu anayeishi mdomoni. Kwa mtu mzima wa afya hana habari. Kwa mgonjwa mwenye vidonda vya mdomo na neutrofili karibu na sifuri, hupita kwenye kidonda na kuingia kwenye damu. Hupenda mahali pasipo na oksijeni, kwa hiyo maabara yenye chupa za aina moja tu, zile za hewa, inaweza isimwone.

Bacillus cereus nampa nafasi zaidi kwa sababu yuko jikoni kwetu. Ndiye anayeharibu kiporo cha wali kilichoachwa nje usiku kucha; mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukipoa polepole humea. Mtu mwenye afya hutapika na kuharisha, kesho yake anaendelea na kazi. Kwa mgonjwa wa lukemia anaweza kuvuka hadi kwenye damu, na ana tabia mbaya ya kushambulia ubongo. Hapiti jikoni tu: mwaka 2006 huko Japani hospitali moja ilipata mlipuko wa wagonjwa wenye bakteria huyu kwenye damu, na uchunguzi ukafuatilia hadi kwenye taulo na mashuka ya hospitali yenyewe. Ubaya wa pili ni kwamba maabara zimezoea kumwona kama uchafu wa ngozi ulioingia kwenye chupa wakati wa kutoa damu. Mara nyingi ni kweli. Ila jina lake likirudi kwenye karatasi ya mgonjwa asiye na neutrofili, kulipuuza ni kucheza kamari.

Halafu kuna wa udongoni. Chromobacterium violaceum, anayeota kwa rangi ya zambarau, huishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto. Na kuna Burkholderia pseudomallei, anayesababisha melioidosisi, ugonjwa unaohusishwa zaidi na Thailand na kaskazini mwa Australia. Watu wa Pwani tusijione tuko mbali: mwaka 2019 watafiti walieleza wagonjwa watano walioambukizwa humu humu Kenya, na kwa Kaunti ya Kilifi wakakadiria visa 1.5 kwa kila watu milioni kwa mwaka, huku wakionya kuwa huenda ni vingi zaidi. Ni ugonjwa adimu kweli. Lakini mgonjwa anayerudi nyumbani kati ya duru na duru, akaingia shambani pekupeku baada ya mvua, ajue kwamba udongo wetu si mtupu.

Jina hupatikana kwenye chupa

Hakuna daktari anayeweza kumtambua bakteria kwa kumtazama mgonjwa. Jina hupatikana kwa kuotesha damu. Muuguzi huchukua damu, kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti, na kama kuna mrija, mara moja kutoka kwenye mrija na mara nyingine mkononi. Kwa mtoto kiasi hufuata uzito. Chupa zina mchuzi wa kulisha bakteria. Huwekwa kwenye joto kama la mwili, na mashine hungoja dalili ya gesi wanayotoa wakiota. Wengi huonekana ndani ya siku mbili. Chupa huachwa hadi siku tano.

Baada ya hapo ni kutambua ni nani. Kwa mbinu za zamani huchukua siku, na wale adimu hubatizwa majina yasiyo yao. Mashine za kisasa za leza hulinganisha protini za bakteria na kumbukumbu za maelfu ya aina, na hutoa jina kwa dakika. Kisha hupimwa ni dawa gani inamuua.

Damu ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Hapa ndipo duka la dawa linapoharibu. Vidonge vitatu vya amoksilini alivyomeza mgonjwa Kawangware mchana huweza kutosha kuinyamazisha chupa, ila havitoshi kumwokoa yeye. Hospitali hubaki ikipiga gizani.

Pia tusiidai chupa zaidi ya uwezo wake. Hata kwenye hospitali zenye kila kitu, kati ya wagonjwa wenye homa na neutrofili chache ni asilimia 10 hadi 25 tu ambao bakteria huonekana kwenye damu. Jibu la kwamba hakuna kilichoota halina maana kwamba mgonjwa hana kitu.

Sisi wa Pwani tuna ushahidi wa karibu wa thamani ya chupa hizi. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2002, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walichukua damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi na kuiotesha, wagonjwa 19,339 kwa jumla. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha watoto 1,094 walikuwa na bakteria kwenye damu tangu walipotoka nyumbani, na kwamba asilimia 26 ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto hao. Hawakuwa wagonjwa wa saratani, walikuwa watoto wa vijijini wenye homa. Kabla ya hapo wengi wa namna yao wangeandikwa malaria. Maoni yangu ni kwamba wodi ya saratani isiyo na chupa za kuotesha damu, au inayomwambia jamaa akazinunue nje saa nne usiku, inatoa nusu ya tiba. Kaunti inaponunua dawa za kemo na kusahau chupa, haijaokoa pesa.

Kuna sababu nyingine. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza Klebsiella waliopatikana Nairobi kati ya 2007 na 2009 wakiwa na kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachovunja karibu dawa zote za ukoo wa penisilini pamoja na meropenemu. Pale usugu ulipofika hapo, kuchagua dawa kwa kubahatisha ni kumchezea mgonjwa.

Usiku wenyewe

Tuchukue mfano. Ni siku ya kumi tangu kemo. Mama kutoka Kisauni amefikia kwa mdogo wake Riruta. Saa tatu usiku mwili umechemka. Mdogo mtu anasema ni baridi ya Nairobi, mwezi wa saba ndivyo ulivyo, na anamtafutia blanketi la pili na Panadol.

Panadol itashusha homa na kuficha dalili. Kipimajoto kwanza. Kikionyesha 38.3 mara moja, au 38.0 ikakaa kwa saa nzima, hiyo ni dharura, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Hospitali nyingine hutaka mgonjwa aje kwa 38.0 tu; fuateni namba mliyopewa. Kipimajoto cha mkono wa binadamu, yaani kumgusa paji la uso, si kipimo.

Kituo cha pili cha kupotea ni kliniki ya mtaani. Atapimwa malaria na Widal ya taifodi. Widal huonyesha chanya kwa watu wengi wasio na taifodi, na mgonjwa hutoka na mfuko wa vidonge akiwa na amani. Malaria si vibaya kuipima, maana ametoka Pwani, na Nairobi hupatikana kwa wasafiri. Lakini hata ikionekana, haimaanishi bakteria hawamo. Wote wawili wanaweza kukaa kwenye damu moja.

Aende moja kwa moja alikotibiwa, au kama Barabara ya Ngong imefungamana na hali ni mbaya, hospitali ya karibu inayoweza kumwekea dripu ya antibiotiki na kumpeleka mbele. Maneno ya kwanza mapokezini yasiwe "ana homa". Watu wenye homa kwenye foleni ni wengi. Yawe: ana lukemia, yuko kwenye kemo, dawa ya mwisho alipewa tarehe fulani, joto lake ni hili. Maneno hayo ndiyo yanayomtoa kwenye benchi.

Homa pia inaweza isiwepo. Watoto na watu wazima wenye lukemia kali ya limfoidi hupewa deksamethasoni au prednisoloni, na dawa hizo huzima homa. Hapo angalieni kutetemeka, kupumua kwa kasi, mikono ya baridi, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua, maumivu ya tumbo au ya njia ya haja kubwa. Wala msingoje usaha. Usaha hutengenezwa na neutrofili zilizokufa. Asiyekuwa nazo hatoi usaha, na kidonda kibaya kinaweza kuonekana kama uwekundu mdogo tu. Hata picha ya kifua huweza kutoka safi mwanzoni.

Jikoni na mwilini

Kuhusu chakula, wagonjwa hukatazwa mengi kuliko inavyohitajika. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwalinganisha wagonjwa wa lukemia ya mieloidi waliokula matunda na mboga mbichi na wale waliokula vilivyopikwa tu, na maambukizi makubwa hayakupishana. Embe lililooshwa na kumenywa nyumbani kwa mikono safi si adui. Adui ni juisi ya kando ya barabara, achari iliyokaa wazi, nyama isiyoiva, na kile kiporo.

Na maziwa. Dagoretti ni mji ambao bado unafuga. Ng'ombe wako nyuma ya nyumba, maziwa hununuliwa kwa jirani yakiwa ya moto wa ng'ombe mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na ILRI waliwahi kuchunguza vimelea kwa ng'ombe na familia zinazofuga humo, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2012. Kwa mgonjwa wa kemo, maziwa hayo yachemke hasa. Mtindi na mala ya kuchachusha nyumbani viachwe mpaka neutrofili zipande.

Mswaki uwe laini, mdomo usukutuliwe kwa maji ya chumvi, mikono ioshwe na kila anayemkaribia. Asichomwe sindano ya nyama, asipigwe bomba la tumbo, asiwekewe dawa kwa njia ya haja kubwa. Na kwa heshima zote kwa wanaoamini hijama na chale: kuumika au kuchanja ngozi ya mtu asiye na neutrofili wala chembe za kugandisha damu ni kufungua mlango wa nne. Isubiri.

Mgonjwa akitoka salama, familia iombe nakala ya jibu la maabara lenye jina la bakteria na dawa iliyomweza, iiweke pamoja na kadi ya kliniki. Duru inayofuata neutrofili zitashuka tena, na bakteria huyo huyo anaweza kurudi. Kama safari hiyo homa itamkuta mgonjwa Mombasa au Malindi na si Riruta, daktari wa huko hatakuwa na chochote cha kuanzia isipokuwa karatasi hiyo.